Difu ya Datsun 240Z: Namna ya Kuitambua na Kuichagua

Gari la spoti aina ya Datsun 240Z, ambalo kampuni ya Nissan ilianza kuliuza Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z na kulifikisha Marekani kwa jina la 240Z katika mwaka uliofuata, ni miongoni mwa magari ya zamani ambayo thamani yake imepanda kadiri umri wake unavyosonga, na kwa sababu hiyo wamiliki wengi leo wanayafufua kuanzia bodi hadi injini. Katika kazi hiyo, hata hivyo, kipo kifaa kimoja ambacho huachwa mpaka mwisho au hubadilishwa kwa kubahatisha, ingawa ndicho kinachoamua namna kazi ya injini inavyofika barabarani, nacho ni difrensha, au difu kama inavyoitwa gereji. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kununua difu nyingine kabla ya kuijua ile iliyomo garini. Na kosa la pili, ambalo hugharimu zaidi, ni kuichagua kana kwamba inafanya kazi peke yake, ilhali namba yake haina maana yoyote mpaka ihesabiwe pamoja na giaboksi na tairi.

Difu ni kasha la chuma lililofungwa kati ya magurudumu ya nyuma, ambalo hupokea mzunguko wa propela, yaani mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi, na kuugawa kwa magurudumu mawili. Mzunguko huo huingia ukielekea nyuma ya gari na hutoka ukielekea pembeni, na wakati huohuo hupunguzwa kasi ili nguvu ya kuzungusha iongezeke. Juu ya hayo, difu huliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani pale gari linapokata kona, kwa kuwa gurudumu la nje lina safari ndefu zaidi. Kazi hii ya mwisho, iliyobuniwa na Mfaransa Onésiphore Pecqueur, ambaye alipata hataza yake mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, hufanywa na gia ndogo zilizo katikati ya kasha. Kazi mbili za kwanza hufanywa na gia mbili kubwa zinazoumana: pinioni, ambayo ni gia nyembamba iliyo kwenye ncha ya mhimili unaoungwa na propela, na kraunwili, ambayo ni gia pana ya duara inayozungusha ekseli za kulia na kushoto. Mtu anaposema anatafuta difu ya namba fulani, anachotafuta hasa ni jozi hiyo ya pinioni na kraunwili.

Namba ya difu hupatikana kwa kugawa meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni. Kraunwili yenye meno 37 ikizungushwa na pinioni yenye meno 11, uwiano wake ni 3.364, maana yake propela huzunguka mara tatu na zaidi ya theluthi moja kabla gurudumu halijamaliza mzunguko mmoja. Namba hizi zisizo kamili huwashangaza wanaozikuta kwa mara ya kwanza, lakini zimewekwa makusudi. Kwa kuwa 37 na 11 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja, jino lolote la pinioni hukutana na kila jino la kraunwili kwa zamu, na jozi ileile ya meno hairudi kukutana mpaka pinioni izunguke mara 37 na kraunwili mara 11. Uwiano ungekuwa 4 kamili, meno yaleyale machache yangekutana maisha yote ya gari, na kasoro ndogo ya jino moja ingeendelea kuchimba mahali palepale. Kwa mpangilio wa meno 37 na 11 ulaji husambaa kwa usawa. Ndiyo sababu difu za Nissan za familia hii zina jozi kama 39 kwa 11, 37 kwa 10, 39 kwa 10, 37 kwa 9 na 35 kwa 8, ambazo hutoa 3.545, 3.7, 3.9, 4.111 na 4.375.

Umbo la meno nalo lina athari katika utunzaji. Pinioni ya difu ya aina hii haielekei katikati ya kraunwili bali hukaa chini ya mstari wa katikati, mpangilio unaoitwa hipoidi, ambao uliingia katika magari ya Packard ya Marekani katika miaka ya 1920 na baadaye ukaenea karibu kila mahali kwa sababu unapunguza kelele na unaiteremsha propela chini zaidi. Gharama yake ni kwamba meno huumana na papo hapo husuguana kwa kuteleza, hivyo yanahitaji oili yenye dawa ya kuhimili mgandamizo mkali, ile inayoandikwa GL-5 kwenye kopo. Oili ya injini haifai humo hata kwa siku chache. Kwa sababu hiyohiyo ya kusuguana, pinioni na kraunwili husagwa pamoja kiwandani mpaka zizoeane, na tangu hapo ni mke na mume: pinioni ya jozi moja ikitiwa kwenye kraunwili ya jozi nyingine, hata kama idadi ya meno ni ileile, difu italia na hatimaye kuvunjika meno.

Ili kujua 240Z inahitaji nini, inafaa kwanza kutazama jinsi watengenezaji wenyewe walivyoipanga. Injini yake ya mitungi sita iliyosimama mstari mmoja, iitwayo L24, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2393, na kwa kipimo cha Kimarekani cha wakati ule ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 151. Magari yaliyopelekwa Marekani, ambako ndiko sehemu kubwa ya 240Z iliuzwa, yalipewa giaboksi ya gia nne ikiambatana na difu ya 3.364, ilhali magari yaliyouzwa Uingereza yalipewa giaboksi ya gia tano na difu ya 3.9. Wengi huzitazama namba hizi mbili na kudhani kwamba gari la Uingereza lilikuwa na injini inayopiga kelele barabara kuu, lakini hesabu inakataa. Gia ya nne ya gari la Marekani ilikuwa ya moja kwa moja, yaani giaboksi haikupunguza wala kuongeza kitu, hivyo uwiano wa jumla ulibaki 3.364. Gia ya tano ya gari la Uingereza ilikuwa 0.852, nayo ikizidishwa kwa 3.9 hutoa 3.323. Katika mwendo wa safari magari hayo mawili yalikuwa karibu sawa kabisa, na tofauti yake ilikuwa katika hatua za kati, ambako la Uingereza lilikuwa na gia zilizokaribiana zaidi na kwa hiyo lilichangamka zaidi kwenye barabara za kona. Kwa hiyo mmiliki wa gari la Marekani anayefunga difu ya 3.9 huku akiiacha giaboksi ya gia nne hapati gari la Uingereza. Anapata gari ambalo halikukusudiwa na yeyote, lenye wepesi wa kuondoka lakini lisilo na gia ya kupumzika.

Difu zenyewe zilikuja katika makasha ya ukubwa tofauti, na majina yake hutokana na kipenyo cha kraunwili kwa milimita. R180 ina kraunwili ya milimita 180, nayo ndiyo difu ya asili ya 240Z. R200, yenye milimita 200, ilifungwa katika 280Z iliyoingia Marekani kwa mwaka wa 1975, na baadaye katika 280ZX, likiwemo toleo la turbo. Ipo pia R160 iliyo ndogo zaidi, ambayo ilikuwa katika Datsun 510. Jozi ya pinioni na kraunwili ya R200 haiingii katika kasha la R180, kwa hiyo anayeagiza sehemu kutoka nje kwa kutaja namba ya uwiano peke yake bila kutaja ukubwa wa kasha ana uwezekano mkubwa wa kupokea chuma asichoweza kukitumia.

Utambuzi basi huanza na kasha. R200 ni kubwa na nzito kiasi kwamba mtu aliyeziona zote mbili zikiwa sakafuni hawezi kuzichanganya, lakini ikiwa chini ya gari, imejaa matope na oili iliyokauka, ulinganisho huo haupo, na ni lazima fundi asafishe kasha na kulinganisha vipimo vyake na kitabu cha gari. Kumbukumbu za gari haziaminiki katika jambo hili. Katika zaidi ya miaka hamsini gari linaweza kuwa limebadilishwa difu mara mbili au tatu na wamiliki ambao hawakuandika chochote, na bamba la chesisi halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kasha lililofungwa baadaye.

Baada ya kasha kujulikana, uwiano hupatikana kwa kuhesabu mizunguko, njia ambayo haihitaji kufungua kitu na ambayo mtu yeyote makini anaweza kuifanya akiwa na msaidizi. Magurudumu ya mbele huzuiwa kwa kabari, sehemu ya nyuma huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi mbili imara, gia huwekwa huru na handbreki huachiwa. Alama ya chaki huchorwa kwenye tairi moja na nyingine kwenye propela. Hapo ndipo wengi hukosea: katika difu ya kawaida, gurudumu moja likizungushwa jingine huzunguka kinyume, na propela inaweza isisogee kabisa, hivyo msaidizi lazima ashike gurudumu la pili lisitikisike. Gurudumu moja likishikwa, kraunwili huzunguka nusu tu ya mizunguko ya gurudumu linalozungushwa. Kwa maneno mengine, mizunguko miwili ya tairi ni mzunguko mmoja wa kraunwili. Anayesahau kanuni hiyo huhesabu propela ikizunguka mara moja na robo tatu hivi na kushangaa difu gani hiyo ambayo haimo katika kitabu chochote.

Mzunguko mmoja wa kraunwili hautoshi kutoa jibu. Tofauti ya 3.364 na 3.545 ni chini ya moja ya tano ya mzunguko wa propela, kiasi ambacho mlegeo wa viungo vya propela pekee unaweza kukificha. Ni vizuri tairi izungushwe mara 20, ambayo ni sawa na mizunguko 10 ya kraunwili, na propela ihesabiwe kwa utulivu: ikifika 33 na zaidi ya nusu, difu ni ya 3.364, ikifika karibu 35 na nusu, ni ya 3.545, 37 kamili ni 3.7, 39 ni 3.9, na 41 na ziada kidogo ni 4.111. Ikitokea kwamba gurudumu la pili, kabla halijashikwa, linazunguka upande uleule na la kwanza na kwa nguvu ileile, basi difu hiyo si ya kawaida: ama ni ya kuzuia kuteleza, ambayo itaelezwa mbele, ama kuna mtu aliyechomelea gia zake za ndani kwa ajili ya mashindano, na gari la namna hiyo halifai barabara za kawaida. Kwa difu hizo mbili magurudumu huachwa yazunguke pamoja, na mizunguko 10 ya tairi ndiyo mizunguko 10 ya kraunwili.

Njia hii ina mpaka wake. Baadhi ya difu za Nissan zinazoitwa 3.9 zina meno 35 kwa 9, ambayo kwa usahihi ni 3.889, na nyingine zina 39 kwa 10. Kwa dereva tofauti hiyo haipo, lakini kwa anayetafuta beringi, shimu au jozi ya kubadilisha, ni lazima ijulikane, na jibu lake linapatikana kwa kufungua kifuniko cha nyuma na kusoma idadi ya meno iliyogongwa kwenye kraunwili, au kuyahesabu meno yenyewe. Kabla ya kumwaga oili, kizibo cha juu cha kujazia kifunguliwe kwanza, kwa kuwa vizibo vilivyokaa miaka mingi hukataa kutoka, na gari ambalo oili yake imemwagwa kisha likagoma kujazwa ni gari lililokwama. Oili inayotoka nayo isomwe: tope laini la kijivu ni ulaji wa kawaida wa miaka, lakini vipande vinavyong'aa na vinavyokwaruza kati ya vidole vinamaanisha kwamba beringi au meno yameanza kuvunjika, na hapo hakuna sababu ya kuendelea kufikiria uwiano kabla ya kufikiria uzima wa difu yenyewe.

Kuchagua ni hesabu kabla ya kuwa ladha. Tairi ya 195/70R14, ambayo inakaribiana sana kwa kimo na tairi za asili za 240Z, husafiri takriban mita 1.92 kwa kila mzunguko ikiwa imebeba uzito wa gari, na hivyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 868 kwa dakika. Namba hiyo ikizidishwa kwa uwiano wa difu na wa gia inayotumika, mizunguko ya injini hupatikana. Gari la asili la Marekani, likiwa gia ya nne, huzungusha injini mara 2,920 hivi kwa dakika katika mwendo huo. Likipewa difu ya 3.9 bila kubadilishiwa giaboksi, injini hupanda hadi karibu 3,390, na kwa difu ya 4.111 hufika karibu 3,570. Mizunguko hiyo haiidhuru injini, lakini katika safari ya saa tano humchosha dereva na kuongeza matumizi ya mafuta.

Jambo hubadilika giaboksi inapobadilishwa. Nissan iliendelea kutengeneza giaboksi za gia tano zinazoingia katika gari hili kwa marekebisho madogo, na mbili kati yake hutafutwa sana: ile ya 280Z ya kuanzia 1977, yenye gia ya kwanza ya 3.321 na ya tano ya 0.864, na ile ya 280ZX ya 1981 hadi 1983, yenye gia ya kwanza ya 3.062 na ya tano ya 0.745. Ikifungwa hii ya pili pamoja na difu ya 3.9, hutokea ulinganifu wa kupendeza ambao unastahili kuhesabiwa kwa kalamu: 3.062 ikizidishwa kwa 3.9 ni 11.94, na gia ya kwanza ya gari la asili la Marekani, 3.549 ikizidishwa kwa 3.364, nayo ni 11.94. Gari huondoka kwa nguvu ileile iliyokusudiwa na waliolibuni, lakini linapofika gia ya tano injini huzunguka takriban mara 2,520 tu kwa dakika kwa kilomita 100, pungufu ya mizunguko 400 kuliko zamani. Kwa gari la kusafiria hakuna mpango mwingine wa bei nafuu unaoushinda huu. Kinyume chake, giaboksi hiyohiyo ikiachwa na difu ya 3.364 huzaa gari zito la kuondoka lenye gia ya tano isiyotumika, kwa maana injini hushuka chini ya mizunguko 2,200 na kilima kidogo tu humlazimu dereva kurudi gia ya nne.

Tairi huingia katika hesabu hii kimyakimya na kuivuruga. Mmiliki anayefunga tairi za 195/60R14 kwa kupenda sura yake ya chini anakuwa amepunguza kipenyo kwa takriban asilimia 6, na difu yake ya 3.364 inaanza kufanya kazi kama ya 3.59, yaani ameshavuka uwiano wa 3.545 bila kugusa nati hata moja ya difu. Anayelalamika kwamba gari linazungusha injini mno aanze kwa kusoma ubavu wa tairi kabla ya kuagiza chochote.

Mwinuko wa ardhi nao una sauti yake. Injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo 240Z iliyo Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, si ileile iliyo Mombasa au Dar es Salaam. Difu ya 3.364 ambayo Pwani inaonekana kuwa na uwiano mzuri, kwenye mteremko wa Mai Mahiu gari linapoupanda, au katika milima ya Kitonga kuelekea Iringa, humfanya dereva abaki gia ya pili muda mrefu kwa kuwa gia ya tatu ni ndefu kupita uwezo wa injini. Kwa anayeishi na kuendesha nyanda za juu, 3.9 ni chaguo la busara na 4.111 si ya kupita kiasi, mradi giaboksi iwe na gia ya tano iliyo ndefu. Afrika Mashariki ina haki ya kulizungumzia gari hili kwa uzito, kwani ndiko lilikojipatia heshima: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari ya mwaka 1971 wakiwa katika 240Z, Shekhar Mehta akiwa wa pili katika gari la aina hiyohiyo, na mwaka 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, aliibuka mshindi baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Magari yanayoandaliwa kwa mashindano ya matope na milima hupewa difu zenye namba kubwa kwa sababu kasi yao ya juu kabisa haina kazi pale ambapo kila dakika huchukuliwa na kona na makorongo. Lakini gari la mtu wa kawaida halina sababu ya kuiga namba hizo, na difu ya 4.375 katika gari la kwendea kazini ni mzigo.

Mbali na uwiano, lipo pia suala la difu ya kuzuia kuteleza. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba gurudumu moja likikosa mshiko, kwa mfano likiwa kwenye matope, nguvu karibu yote hupotelea huko na gurudumu lililo kwenye ardhi ngumu husimama. Difu ya kuzuia kuteleza huongeza sahani za msuguano, au gia za mshazari, ambazo huyabana magurudumu mawili yasipishane sana. Wafufuaji wa 240Z wamepata chanzo kizuri cha difu hizo katika Subaru Impreza STI, ambayo katika matoleo yake mengi ya gia sita ina R180 yenye uwiano wa 3.545 au 3.9 na kizuizi cha kuteleza tangu kiwandani, na kasha hilo hukaa katika 240Z likipewa vipande maalumu vya kuungia ekseli za pembeni. Kwa kuwa Subaru zilizotumika zinaingizwa kwa wingi Afrika Mashariki, hasa Kenya, wazo hili linavutia, lakini linahitaji tahadhari: Impreza za kawaida hutumia R160, na muuzaji wa vipuri anayesema kwamba difu zote za Subaru ni sawa hajui anachouza.

Kwa injini ya L24 iliyo katika hali yake ya asili, au iliyoboreshwa kwa kiasi, R180 inatosha, na hofu ya wengi kwamba ni dhaifu haina msingi. R200 huanza kuwa ya lazima pale injini inapobadilishwa kuwa ya turbo au ya mitungi minane, na anayeichagua ajue kwamba hanunui kasha tu. Fremu ya mbele inayolishikilia na baa ya nyuma lazima zilingane nalo, na urefu wa propela upimwe difu ikiwa imeshakaa mahali pake, kwani hata Nissan wenyewe waliisogeza difu ya 240Z nyuma mwaka 1971 ili ekseli za pembeni zinyooke, hivyo sehemu za gari la mwanzo na za gari la baadaye si lazima ziingiliane.

Kubadilisha jozi ya pinioni na kraunwili ndani ya kasha ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupimia, si ya nyundo na makadirio. Kina cha pinioni hurekebishwa kwa shimu, ambazo ni pete nyembamba za chuma, na mlegeo kati ya meno huwekwa kati ya sehemu moja na mbili za kumi za milimita. Kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa, na alama inayobaki ndiyo inayosema kweli: ikikaa katikati ya jino, kazi imekamilika, ikielemea ncha au shina la jino, pinioni haijakaa sawa, na difu hiyo italia mara gari litakapoongezwa mwendo au litakapoachiwa akseleta. Kwa sababu ya ugumu huo, mara nyingi ni nafuu kununua difu nzima iliyo nzima kuliko kununua jozi peke yake. Na kabla ya kuihukumu difu iliyomo kwa sababu inagonga dereva anapoachia klachi, raba inayoshikilia pua yake na viungo vya ekseli za pembeni vikaguliwe, kwa maana katika magari haya mlio huo hutoka huko mara nyingi kuliko kwenye meno.

Difu ikishabadilishwa, spidomita nayo inakuwa imeharibiwa hesabu yake, kwa kuwa huendeshwa na gia ndogo iliyo nyuma ya giaboksi. Gari lililotoka 3.364 kwenda 3.9 litaonyesha kilomita 116 wakati mwendo halisi ni 100, na kilomita za odomita zitapanda kwa kiwango hichohicho, mpaka gia hiyo ndogo ibadilishwe kwa nyingine yenye meno mengi zaidi. Uwiano mpya, ukubwa wa kasha, idadi ya meno na tarehe ya kubadilisha viandikwe katika daftari la gari, na difu ya asili iliyotolewa ijazwe oili, izibwe matundu yake na kuhifadhiwa mahali pakavu. Wamiliki wa 240Z wanaombwa wasiiuze kama chuma chakavu, kwa sababu jozi iliyosagwa pamoja kiwandani ikipotea haikusanywi tena, na atakayelinunua gari hilo baadaye ataiulizia kabla ya kuulizia rangi.